Sifuri ya Hospitali Kuu ya Shwari

Ipo nchi moja inaitwa Shwari. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wenye nchi waliagiza ramani zote zirudishwe zikasahihishwe, na mpaka leo hazijarudi. Ni nchi njema, yenye amani ya kisheria. Ukimuuliza mtu hali naye akajibu neno lolote zaidi ya "shwari", anaandikiwa karatasi ya kwenda kujieleza.

Huko ndiko alikozaliwa Hidaya Mkumbo. Alisoma, akapelekwa ng'ambo miaka sita kusomea fizikia ya tiba, akarudi akaajiriwa Hospitali Kuu kuwa mpimaji wa mionzi. Nchi nzima mwenye elimu hiyo alikuwa yeye peke yake, ndiyo maana akapewa ofisi yenye madirisha mawili asiyoruhusiwa kuyafungua.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mgonjwa wa saratani hulazwa chini ya mtambo, mtambo humpiga mionzi, mionzi huua uvimbe. Mionzi ikipungua, uvimbe unanenepa. Ikizidi, mgonjwa anaungua. Kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu apime kama mtambo unatoa kile kinachosemwa unatoa. Mtu huyo alikuwa Hidaya, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili tangu aajiriwe, alikuwa hajapima hata mara moja.

Kilichomzuia ni Waraka Namba Saba. Shwari wana desturi kwamba kitu kikishazinduliwa na Kiongozi Mkuu, basi kinafanya kazi. Bomba lililozinduliwa linatoa maji, yatoke yasitoke. Lipo daraja lililozinduliwa ambalo halijafika ng'ambo ya mto. Watu huogelea chini yake, na wakishafika upande wa pili hukung'uta nguo na kulishukuru daraja. Waraka wenyewe unasema hivi: "Kilichozinduliwa hakipimwi na mtumishi yeyote wa umma, kwa kuwa kukipima ni kumuuliza Kiongozi swali." Na mtambo wa mionzi Kiongozi aliuzindua mwenyewe, kwa mkasi wake, wiki tatu kabla Hidaya hajarudi nchini. Siku ya pili yake kipima mionzi cha hospitali kilichukuliwa na Wizara ya Afya na Sherehe, kikafungiwa kabatini kisije kikamshawishi mtu.

Hidaya angeweza kukaa akala mshahara wake kwa raha kama wengine. Balaa ni kwamba alikuwa na macho. Mtu aliyepigwa mionzi sawasawa ngozi yake huwa nyeusi pale palipopigwa, pengine huchubuka, pengine mgonjwa hutapika. Wagonjwa wa Hospitali Kuu walitoka mtamboni ngozi nyororo, wakaenda zao kula maandazi. Baada ya miezi michache walikuwa hawaonekani tena, na kwenye majalada yao palipigwa muhuri: AMETOROKA MATIBABU.

"Dawa yenu tamu, mwanangu," Hidaya aliambiwa na Bi. Tausi, mama mmoja muuza vitumbua, mwenye uvimbe shingoni wa ukubwa wa limau. Alikuwa ameandikiwa kulala chini ya mtambo mara thelathini, na kadi yake ilishapigwa tiki tano. "Haina harufu, haina maumivu. Nalala pale namwangalia Kiongozi wetu, naamka, naenda kukaanga."

"Na uvimbe, mama?"

"Uvimbe upo. Lakini nao umezoea."

Hidaya akatabasamu, akaenda ofisini, akakaa na hofu yake mpaka saa za kazi zikaisha. Alikuwa ameandika barua saba kuomba apime. Zote zilijibiwa na Bwana Shomvi, Afisa Itifaki wa hospitali, kwa majibu yenye mstari mmoja: "Barua yako imepokelewa kwa furaha."

Basi ikatangazwa Siku ya Watoto na Sayansi. Kiongozi alikuwa ameona kwenye televisheni watoto wa nchi jirani wamevaa makoti meupe, akauliza wa kwetu wako wapi. Wizara ikamwagiza kila mtaalamu afundishe wanafunzi fani yake kwa vitendo, washike kwa mikono yao, na wapigapicha wawepo. Hidaya akaletewa fomu ya kuombea vifaa vya kuchezea watoto. Akaandika: ndoo moja, jeli, mishikaki hamsini, tochi, kipima mionzi kimoja. Karani akagonga muhuri bila kusoma, maana kusoma hakukuwa zamu yake.

Waraka Namba Saba ulimkataza mtumishi wa umma. Haukusema chochote juu ya mtoto wa kidato cha pili anayecheza. Hidaya alijua kwamba anajificha nyuma ya watoto wa watu, na aliona haya. Lakini haya, alijiambia, haijawahi kuua mtu.

*

Wakaja wanafunzi thelathini, wamevaa soksi nyeupe za kuazimwa na Wizara. Hidaya akawagawia mabonge ya jeli, kila bonge limefichiwa punje moja ya njegere katikati.

"Huu ni mwili wa mtu," akawaambia. "Njegere ni uvimbe. Mishikaki ndiyo mionzi. Ishambulieni njegere, mwili ubaki mzima."

Mvulana mmoja akachoma mara kumi pale pale, jeli ikapasuka vipande. "Marehemu huyo!" wakapiga kelele wenzake, wakicheka. Msichana mmoja mwembamba, Mboni, akaligeuza bonge lake mara mbili tatu kwanza. Kisha akachoma mshikaki mmoja kutoka kulia, mmoja kutoka kushoto, mmoja kutoka juu, akaendelea kuzunguka hivyo, yote ikakutana kwenye njegere. Jeli ikabaki imesimama.

"Kwa nini umefanya hivyo?"

"Kila upande umeumia kidogo tu, mwalimu. Njegere ndiyo imeumia yote."

Hidaya alitamani amkumbatie. Huko ng'ambo jambo hilo lilimchukua muhula mzima kulielewa. Akawaonyesha jinsi kipima kinavyolialia mbele ya jiwe fulani la mlimani lenye mionzi kidogo, na kinavyonyamaza ukikinga jiwe hilo kwa kibao cha madini ya risasi. Watoto wakakinga, wakakingua, wakakinga. Kwa saa nzima alisahau kuogopa.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya na Sherehe, akawasili na kamera zake wakati watoto wanaingia chumba cha mtambo wamebeba ndoo ya maji.

"Mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji," Hidaya akaeleza. "Kwa hiyo leo ndoo ndiyo mgonjwa wetu. Muuza sukari anapima kwa kilo, sisi tunapima kwa grei. Mgonjwa hapa anatakiwa apate grei mbili kwa siku. Na ndoo nayo tuipe mbili."

Watoto wakatumbukiza kipima ndani ya ndoo, wakavuta waya wake mrefu hadi nje, mlango ukafungwa. Mwendesha mtambo, mzee Mlacha, akabonyeza. Mlacha zamani alikuwa dereva wa tingatinga. Alihamishiwa kwenye mtambo kwa sababu vyote viwili vilikuwa vya rangi ya njano. Taa nyekundu ikawaka. Zikapita dakika tatu.

"Soma, Mboni," Hidaya akasema.

"Sifuri."

"Soma vizuri."

"Sifuri nukta sifuri sifuri, mwalimu."

Wakarudia. Sifuri. Wakarudia mara ya tatu, na mara hii watoto wote thelathini wakasoma kwa pamoja, kwa sauti ya darasani, mbele ya kamera tatu. Hidaya alikuwa ametarajia pungufu: nusu, robo. Sifuri hakuitarajia.

Waziri akakohoa. Mtu hafiki uwaziri Shwari bila kujua la kufanya na sifuri.

"Wananchi wenzangu!" akanguruma. "Mmesikia wenyewe kwa kinywa cha mtoto, na mtoto hasemi uongo! Mionzi ni kitu cha hatari. Mitambo ya wenzetu inatoa mionzi mchana kweupe, inababua watu ngozi, inawatapisha. Lakini mtambo wa Kiongozi wetu Mkuu unatoa ngapi?"

"Sifuri!" wakaitikia maofisa.

"Ngapi?"

"Sifuri!"

"Hata chembe! Natamka rasmi kwamba huu ndio mtambo wa mionzi ulio salama kuliko yote duniani na maeneo ya jirani!"

Vigelegele vikapigwa. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la korido nao wakapiga makofi, Bi. Tausi akiwa wa kwanza kusimama. Katika kelele hizo Mboni akamvuta Hidaya mkono.

"Mwalimu, ile picha ya Kiongozi pale mdomoni mwa mtambo imebandikwa juu ya nini?"

Shwari sheria inataka mtu mzima apitapo mbele ya picha ya Kiongozi ainamishe macho; watoto chini ya miaka kumi na tano wamesamehewa. Kwa hiyo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuitazama sawasawa. Wagonjwa waliitazama kila siku, lakini wao hawakuijua mitambo. Siku hiyo Hidaya akavunja sheria, akainua macho. Picha ilikuwa imebandikwa kwenye kizibo cha madini ya risasi, kinene kama tofali, kilichokazwa kwa skrubu nne. Ni kile kizibo kinachowekwa na watengenezaji ili mionzi isitoke wakati mtambo uko safarini. Watu wa itifaki walipokuwa wakitafuta mahali bapa pa kumweka Kiongozi siku ya uzinduzi, waliona hapo ndipo penye nafasi.

*

"Ni skrubu nne tu, Bwana Shomvi," Hidaya akasema kesho yake, amesimama mbele ya meza ya itifaki. "Picha tuihamishie ukutani, mahali pa heshima."

"Ukutani ni juu au chini ya hapo alipo sasa?"

"Chini kidogo."

"Yaani unataka kumshusha Kiongozi." Shomvi akaandika.

"Basi tuiweke juu, karibu na dari."

"Kumpandisha nako kunataka uchaguzi, na uchaguzi umeahirishwa." Akaandika hilo pia.

"Watu wanakufa, mzee wangu."

Shomvi akavua miwani. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na wajukuu, na picha zao zilikuwa mezani, zimegeuzwa zisimtazame Kiongozi wa ukutani usawa kwa usawa. "Binti yangu," akasema kwa upole, "watu wanakufa kila nchi. Kwetu wanakufa bila madhara."

Wiki hiyohiyo Mboni akateuliwa kuwa Balozi wa Sifuri. Akavalishwa utepe, akapakiwa kwenye gari la Wizara, akawa anapelekwa shule kwa shule na ndoo yake kuwaonyesha wenzake usalama wa mtambo. Siku moja alipitishwa hospitalini kupigwa picha, akamkimbilia Hidaya koridoni.

"Mwalimu, nikisema ilisoma sifuri, nasema kweli?"

"Kweli."

"Mbona najiona kama nadanganya?"

Hidaya akafungua mdomo, akamwona Shomvi amesimama mlangoni, akaufunga. Mtoto akasubiri kidogo, kisha akaitwa garini. Hidaya alimsindikiza kwa macho akiwa na uchungu mkubwa, maana yeye ndiye aliyemfundisha kusoma kipimo, na sasa alikuwa ameshindwa kumsomea hicho kimoja.

Asubuhi ya pili yake alimwendea Mlacha akamwomba bisibisi.

"Mimi nina watoto watano, dada Hidaya."

"Na wale pale wana wangapi?" Hidaya akamwonyesha benchi.

Mlacha akatazama benchi. Bisibisi ikatoka mfukoni, na yeye mwenyewe akageukia ukutani ili akiulizwa aseme hakuona. Hidaya akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kizibo kilikuwa kizito, ikabidi Mlacha ageuke tu amsaidie. Wakamviringisha Kiongozi kwenye shuka safi, wakamlaza chini ya meza, na Mlacha akampigia saluti.

Kipima bado kilikuwepo, kwa kuwa fomu ya vifaa vya kuchezea haikuwa na sehemu ya kurudishia. Hidaya akaweka ndoo nyingine ya maji, akafunga mlango, akabonyeza, akasoma. Mtambo ulikuwa mzima kabisa, nguvu zake zote zimekaa nyuma ya ile picha tangu siku ya uzinduzi. Akarekebisha dakika mpaka kipima kikasoma mbili. Akakaa sakafuni akalia.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi waliitoa picha, kila alasiri wakairudisha. Bi. Tausi alikuwa ameshalala mara kumi na tisa chini ya Kiongozi. Ya ishirini alilala chini ya mtambo.

"Kiongozi yuko wapi leo?" akauliza.

"Anasafishwa, mama," Hidaya akamjibu.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua. Angesema: mama, zile kumi na tisa zilikuwa bure, tuanze upya. Lakini benchi lina masikio, na Shwari kila benchi lina mtu wake. Akajiambia atawaongezea siku kimyakimya mwishoni. Akaendelea kuwaambia kwamba Kiongozi anasafishwa.

Mionzi nayo haijui siri. Katika wiki ya pili shingo ya Bi. Tausi ikawa nyeusi, koo likamuuma, vitumbua vyake mwenyewe havikupita. Mwingine akatapika koridoni, mwingine ngozi ikamchubuka. Uvimbe nao ukaanza kulegea na kunywea, ila mtu mwenye kidonda hashiki uvimbe wake kuupima, anashika kidonda. Wakakaa wakaandika barua kwa Waziri. "Sisi wagonjwa wa mtambo tulikuwa tukitibiwa vizuri bila maumivu yoyote, mpaka alipoingilia mtaalamu huyu. Tunaomba turudishiwe matibabu yetu ya zamani." Dole gumba la kwanza lilikuwa la Bi. Tausi.

Waziri alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya mtambo usio na picha kama mtu aliyefumania. "Mtambo huu ulikuwa na sifuri," akawaambia waandishi. "Sasa umehujumiwa, umeanza kutoa mionzi!" Mafundi wakaitwa, kizibo kikarudishwa, safari hii kikachomelewa pande zote. Hidaya akahamishiwa sokoni kukagua mizani za wauza ndizi, kuanzia keshokutwa. Mlacha, kwa kuwa alikuwa amegeukia ukutani, alisamehewa.

*

Siku ya makabidhiano Hidaya alisimama kwenye chumba cha kuendeshea, mkononi ana funguo, kando yake Bwana Shomvi ana fomu. Ilikuwa zamu ya Bi. Tausi, mara yake ya thelathini, ya mwisho. Mlacha akamlaza, akatoka, akafunga mlango. Spika ya kusikilizia mgonjwa ilikuwa wazi, na sauti yake ilifika mpaka koridoni.

"Karudi huyu?" wakamsikia.

Mlacha akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Mlacha, unanisikia? Nakuuliza, karudi?" Kwenye kioo cha kumtazamia mgonjwa walimwona amepeleka mkono shingoni, anapapasa. Alipapasa upande mmoja, akapapasa upande wa pili, kama anayelinganisha. "Siku zote alizokuwepo, limau langu lilikuwa vilevile. Alivyoondoka siku kumi, limekuwa kama karanga." Akapapasa tena. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo. "Mtoeni, mwanangu. Mtoeni huyu hapa juu yangu."

"Zima hiyo spika," Shomvi akamwambia Hidaya.

Hidaya hakuizima. Mlacha alikuwa akitazama vidole vyake. Kule ndani yule mama akaendelea kuomba, mara kwa Mlacha, mara kwa Mungu, mpaka dakika tatu zikaisha na taa ikazimika.

Akatoka anajifunga kanga, machozi yamelowanisha ile ngozi nyeusi ya shingo. Kadi yake ilikuwa tayari imepigwa tiki ya thelathini, na chini yake muhuri: AMEMALIZA. Akampita Shomvi, akampita Mlacha, akaenda moja kwa moja kwa Hidaya, akamnyoshea kadi kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeweka dole. Nisamehe. Lakini niambie kitu kimoja tu. Hii ya leo nayo niihesabu?"

Shomvi akafungua kofia ya kalamu. Hidaya aliogopa, aliogopa sana, na alipofungua mdomo sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Usiihesabu, mama. Wala zile kumi na tisa za mwanzo. Umetibiwa mara kumi."

Bi. Tausi akaitazama kadi yake, akaanza kufuta tiki kwa kidole kilicholowa, moja baada ya nyingine. Kwenye benchi mtu mmoja akaitoa kadi yake kifuani. Kisha wa pili yake. Kisha wote wakazitoa, wakaanza kuhesabu upya, na kulikuwa na wengi ambao hesabu yao haikuchukua muda kabisa.